Bei ya Mwenyeji na Bei ya Mgeni

Katika mafundisho ya amri ya saba mmesikia ya kuwa mwizi si yule tu anayevunja mlango usiku. Mtu aweza kuiba mchana, mbele ya watu, kwa mizani, kwa kipimo na kwa bei. Ndiyo maana yafaa kutazama leo swali moja ambalo wasafiri huulizana njiani, chomboni na sokoni, nalo ni hili: Je, ni haki kumtoza mgeni fedha nyingi kuliko mwenyeji, kwa kiti kile kile, kwa safari ile ile, kwa kitu kile kile?

Wengine hujibu upesi: "Ni haki, kwa maana mgeni ana fedha." Wengine hujibu upesi vile vile: "Si haki, kwa maana watu wote ni sawa." Majibu yote mawili yana haraka. Sisi tuende polepole: kwanza tujue mambo yalivyo, kisha tutafute kanuni, mwisho tujue namna ya kutenda.

I. Mambo yalivyo

Katika nchi ya Tanzania, kati ya Dar es Salaam na kisiwa cha Unguja, kuna vyombo vya mwendo wa kasi vinavyovusha watu kila siku. Kwa miaka mingi makampuni ya vyombo hivyo yameandika nauli mbili: moja ya wenyeji na wakaaji wa nchi, nyingine ya watu wasio wakaaji, na hiyo ya pili imezidi ile ya kwanza mara mbili na zaidi. Watu hao wawili hukaa kiti kwa kiti, wimbi lile lile huwatikisa, nao hufika bandarini saa ile ile.

Katika nchi hiyo hiyo kuna mbuga kubwa ya wanyama iitwayo Serengeti. Kwa bei zilizotangazwa kwa mwaka 2023/24, mtu mzima kutoka nchi za mbali alitakiwa kulipa dola 70 kwa siku katika miezi ya wageni wengi. Raia wa Afrika Mashariki alitakiwa kulipa shilingi 10,000, yaani kama dola 4.

Katika milima ya mpaka wetu na Uganda na Rwanda huishi gorila wa milimani, wanyama ambao hesabu yao iliyotangazwa mwaka 2019 ilikuwa 1,063 tu duniani pote. Tangu mwezi wa saba wa mwaka 2024, Uganda imemtoza mgeni wa mbali dola 800 ili awatazame kwa saa moja. Mgeni anayekaa katika nchi hiyo hulipa dola 700. Raia wa Afrika Mashariki hulipa shilingi za Uganda 300,000, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya bei ya mgeni wa mbali.

Wala msidhani ya kuwa desturi hii ni ya Afrika peke yake. Katika nchi ya India kuna kaburi zuri la marmari, Taj Mahal, lililojengwa na mfalme Shah Jahan kwa ajili ya mkewe. Langoni, Mhindi hulipa rupia 50. Mgeni wa mbali hulipa rupia 1,100.

Basi jambo lenyewe si la siri wala si dogo. Tuulize sasa: haki iko wapi?

II. Kanuni ya bei ya haki

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliuliza katika kitabu chake kikubwa cha mafundisho kama ni halali kuuza kitu kwa bei inayozidi thamani yake. Alifundisha ya kuwa biashara iliwekwa kwa faida ya pande zote mbili, kwa hiyo haifai mmoja alemewe ili mwenzake apate. Kisha akatenga mambo mawili, nanyi myashike vizuri, kwa maana ndiyo ufunguo wa swali letu.

Pengine muuzaji hupata hasara kwa kukitoa kitu chake. Hapo aweza kuihesabu hasara hiyo katika bei, kwa maana hasara ni yake. Lakini pengine muuzaji hana hasara yoyote, ila mnunuzi ndiye mwenye haja kubwa. Hapo muuzaji haruhusiwi kupandisha bei kwa ajili ya haja ile. Kwa nini? Kwa sababu haja hiyo ni ya mnunuzi mwenyewe. Nani aweza kumwuzia mtu kitu ambacho tayari ni cha mtu huyo?

Tuweke mfano. Tuseme mtu mmoja ameshuka kutoka motokari jioni, katika mji asioujua. Mvua yanyesha. Anamwuliza mwenye pikipiki nauli ya kufika misioni. Mwenye pikipiki atazama viatu vyake, asikia matamshi yake, kisha ataja nauli mara tano ya ile anayowatoza majirani. Njia haikuongezeka urefu. Mafuta hayakuongezeka bei. Je, katika ile ziada anauza nini? Anauza giza, mvua, na kutojua kwa yule mtu. Lakini giza si lake, mvua si yake, wala kutojua kwa mgeni si mali yake. Ameuza kisicho chake, na kuuza kisicho chako ni jamaa wa kuiba.

Tena, katika kitabu cha Walawi, sura ya 19, amri ya kumpenda mgeni kama mwenyeji imeandikwa karibu kabisa na amri ya mizani na vipimo vya haki. Hazikukaa pamoja bure. Mgeni ndiye asiyejua vipimo vya mahali. Kwa hiyo ndiye wa kwanza kuumizwa navyo.

Hapo wengine watasema: "Basi shauri limekwisha. Bei mbili ni wizi." Ngojeni kwanza. Tumejua ubaya wa kuuza haja ya mgeni. Hatujatazama bado mzigo wa mwenyeji.

III. Jembe la mwenyeji

Wazee husema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii ina mambo mawili ndani yake. La kwanza ni heshima: siku mbili mgeni hula bila kuulizwa. La pili ni mzigo: chakula hicho hakikuanguka kutoka mbinguni, kuna mtu aliyelima. Kwa hiyo anayekula yafaa ashiriki pia kazi, kwa kadiri yake.

Sasa tazameni mbuga na misitu ya wanyama. Nani ameshika jembe la mahali hapo? Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Na mwaka 1959 Wamasai waliokuwa wakichunga ng'ombe ndani yake walihamishwa kwenda Ngorongoro. Malisho waliyoyaacha ndiyo yale yanayotazamwa leo na wasafiri. Katika nchi yetu, hifadhi ya Virunga iliwekwa mwaka 1925, nayo ni ya kwanza katika Afrika yote kuitwa hifadhi ya taifa. Walinzi wake zaidi ya 200 wamekwisha kuuawa kazini. Siku moja tu ya mwezi wa nne mwaka 2020 waliuawa 12. Walinzi hao walikuwa na wake na watoto. Na watu wa vijiji vya kando ya hifadhi kama hizo hawawezi kukata kuni humo, hawawezi kuwinda, hawawezi kulima ardhi ile nyeusi yenye rutuba; na tembo akitoka usiku na kula muhogo wao, hasara ni yao.

Basi, raia wa nchi amekwisha kulipa kabla hajafika langoni. Amelipa kwa kodi, amelipa kwa ardhi aliyoiacha, pengine amelipa kwa damu ya ndugu yake. Mgeni wa mbali hakulipa lolote katika hayo. Anakuja siku tatu, anafurahi, anaondoka. Hakukosa kwa kuja. Lakini hakushika jembe. Akiombwa kulipa zaidi langoni, hatozwi kwa sababu ya kutojua kwake wala kwa sababu ya haja yake. Anatoa fedha mahali pa jembe. Hiyo ni haki.

Tena kuna sababu ya pili. Kama bei ingekuwa moja, na bei hiyo ingekuwa ya dola 70, mwalimu wa shule ya kijijini angewezaje kuwapeleka watoto wake kuona simba wa nchi yao? Wangeitunza nchi wasiyoruhusiwa kuiona. Bei moja kwa wote si daima haki moja kwa wote. Mjane na tajiri wakitoa sarafu iliyo sawa, hawakutoa sadaka iliyo sawa. Jambo hilo mlilijua tangu mliposikia habari za yule mjane hekaluni.

Lakini angalieni sharti linalofuata, maana hapo ndipo wengi huanguka. Ikiwa mgeni hulipa badala ya jembe, basi fedha zake zifike shambani. Rwanda iliweka mwaka 2005 kwamba sehemu ya mapato ya hifadhi irudi kwa watu wanaokaa kando yake, asilimia 5. Na mwaka 2017, ilipopandisha bei ya kutazama gorila kutoka dola 750 hadi 1,500, iliongeza sehemu hiyo ikawa asilimia 10. Uganda imeweka kwa sheria asilimia 20 ya fedha za kiingilio. Watu waweza kubishana kama sehemu hizo zatosha, nao wana haki ya kuuliza. Lakini shabaha ni ya kweli: shule, kisima, zahanati, kwa wale walioshika jembe. Pasipo shabaha hiyo, ile sababu nzuri tuliyoitaja yabaki maneno tu. Mtu anayesema, "Ninamtoza mgeni kwa ajili ya maskini wetu," kisha maskini wasione hata sarafu moja, amewaibia wawili: mgeni aliyetoa, na maskini ambaye jina lake lilitumiwa.

IV. Makampuni ya safari

Mpaka hapa tumesema hasa juu ya mali ya wote: wanyama, milima, majengo ya kale. Lakini chombo cha baharini, motokari na hoteli si mali ya wote. Mwenye kampuni amevinunua kwa fedha zake. Je, naye aweza kuweka bei mbili?

Kwake sababu ya jembe haitoshi, kwa maana mafuta yanayomvusha mgeni ni yale yale yanayomvusha mwenyeji. Lakini aweza kuwa na sababu nyingine ya kweli. Mtu wa kisiwani mara nyingi hana njia nyingine ila maji. Chombo ndiyo barabara yake ya kwenda hospitali, ya kupeleka samaki sokoni, ya kwenda kumzika mama yake. Mgeni hupanda chombo kwa matembezi, mara moja katika maisha yake. Mwenye chombo akimpunguzia yule wa kwanza ili aweze kuishi, na kumwomba yule wa pili asaidie kulibeba punguzo hilo, hatendi ubaya. Huwaunganisha watu wawili wasiojuana, mmoja amsaidie mwenzake.

Lakini mwenye chombo ajiulize mbele ya Mungu: Je, bei ndogo ya wenyeji husimama kwa sababu ya fedha za wageni? Au nauli ya wenyeji yatosha kabisa kwa mafuta, kwa mishahara na kwa faida ya haki, na ile ziada ya mgeni huingia mfukoni mwangu tu kwa kuwa najua hana chombo kingine? Jibu la kwanza ni usaidizi. Jibu la pili ni kuuza haja ya mgeni, jambo lile lile tulilolikataa kwa mwenye pikipiki. Sisi hatuoni daftari zake za hesabu. Yeye huziona, na dhamiri yake huziona pamoja naye.

Na vipi mawakala, wale wanaosimama kati ya msafiri na kampuni? Tuseme wakala amepokea kwa mgeni bei ya mgeni, kisha akamnunulia tiketi ya mwenyeji, na tofauti akaiweka mfukoni. Huyo hana hata kivuli cha sababu. Mgeni amedanganywa, kampuni imedanganywa; na kama ni kiingilio cha hifadhi, kijiji kimenyang'anywa kisima chake. Vivyo hivyo mlinzi wa lango anayepokea fedha bila kutoa risiti. Wasiseme, "Nimemla tajiri." Wamemla jirani yao.

V. Na wewe ukiwa mgeni

Ni rahisi kupima haki tukiwa sisi wenyeji. Tugeuze sasa kipimo.

Katika mji wa Paris, nchini Ufaransa, kuna jumba kubwa la makumbusho liitwalo Louvre. Tangu tarehe 14 Januari 2026, mtu atokaye nje ya nchi za Ulaya zilizotajwa katika kanuni zake ametakiwa kulipa euro 32. Mzungu wa nchi hizo hulipa euro 22. Fikirini jambo hilo. Mwanafunzi Mkongomani aliyejinyima mwaka mzima atalipa zaidi kuliko mwenye kiwanda wa Ulaya. Na Mmisri atalipa bei ya mgeni ili aingie kutazama kazi za mikono ya babu zake, kwa maana jumba lile limejaa vitu vya kale vya Misri.

Mtasema: "Hiyo si haki hata kidogo!" Lakini je, si ninyi mliosema hapo mwanzo ya kuwa mgeni alipe zaidi kwa maana ana fedha? Mkongomani huyo ni mgeni, naye hana fedha. Basi tumejua jambo moja la hakika: ugeni na utajiri si kitu kimoja. Kuna mgeni maskini na kuna mwenyeji tajiri. Anayetaka kumtoza tajiri, na aangalie utajiri. Asiangalie pasi ya kusafiria, wala rangi ya ngozi, wala matamshi ya mtu.

Wafaransa nao watajitetea kwa sababu ya jembe: wao hulipa kodi zinazotunza jumba. Twaweza kulisikiliza neno hilo, kwa maana nasi tumelitumia. Lakini tulipime. Mwaka 2003 Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliihukumu nchi ya Italia katika shauri la namna hiyo. Katika majumba kadhaa ya Italia, wazee wenyeji waliingia kwa upendeleo, na wazee wa nchi nyingine za Umoja hawakupewa upendeleo huo. Italia ilijitetea kwa neno la kodi. Waamuzi hawakukubali, kwa kuwa hawakuona kiungo cha kweli kati ya kodi aliyolipa mtu na punguzo alilopewa. Yaani walisema: ukitaja mzigo, uonyeshe mzigo. Hilo ni fundisho zuri kwa kila nchi, tajiri na maskini. Neno "kodi" au neno "wenyeji" lisiwe nguo ya kufunika tamaa.

Tena mpaka wa ugeni husogea. Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mtu wa Uvira au wa Bukavu hakubadilika usiku ule. Lugha yake ni ile ile, nguo zake ni zile zile. Hata hivyo, kwa sahihi za wakubwa, alihesabiwa katika nyumba moja na mtu wa Mwanza na wa Mombasa. Basi ikiwa wino waweza kumfanya mgeni kuwa ndugu, tusiuseme ugeni kana kwamba ni doa mwilini mwa mtu.

Na yuko mgeni wa namna nyingine, yule aliyekaa. Mkimbizi aliyelima kijijini mwenu miaka kumi, fundi wa nchi ya jirani anayelipa kodi ya soko, muuguzi kutoka mbali anayewatibu watoto wenu: hao wamekwisha kupewa jembe, nao wamelishika. Kuendelea kuwatoza bei ya siku ya kwanza ni kuisahau ile siku ya tatu.

VI. Neno la Petro na kodi

Wengine watatoa hoja kutoka Injili ya Matayo. Humo Yezu alimwuliza Petro kama wafalme wa dunia huwatoza kodi wana wao au wageni, naye Petro akajibu ya kuwa ni wageni. "Mwaona," watasema, "wana ni huru, wageni ndio walipaji!"

Lakini Bwana hakuwa akiwafundisha wafanyabiashara namna ya kuweka bei. Alikuwa akionyesha ya kuwa Yeye ni Mwana katika nyumba ya Baba yake, na kodi ile ilikuwa ya hekalu, yaani ya nyumba hiyo. Tena tazameni mwisho wa habari. Yeye aliyekuwa huru hakushika uhuru wake. Aliagiza kodi ilipwe kwa ajili yake na kwa ajili ya Petro, ili watu wasikwazike. Kwa hiyo anayesoma habari hiyo asijifunze kumkamua mgeni. Ajifunze afadhali hili: mwenyeji tajiri, hata kama kanuni yamruhusu kulipa kidogo, aweza kwa hiari yake kutoa zaidi kwa ajili ya mlinzi na mtoto wa kijijini.

VII. Alama nne za bei halali

Tukusanye sasa tuliyoyasema. Bei ya mgeni yaweza kuzidi bei ya mwenyeji bila zambi, ikiwa ina alama nne.

Ya kwanza, iwe wazi. Iandikwe ukutani, mgeni aisome kabla ya kutoa fedha, naye awe huru kukataa. Bei inayobuniwa baada ya kutazama uso wa mtu haina alama hii.

Ya pili, iwe na sababu ya kweli: mzigo ambao mwenyeji ameubeba na mgeni hakuubeba, au riziki ya mwenyeji ambayo yahitaji kusaidiwa. Kutojua kwa mgeni si sababu. Haja yake si sababu.

Ya tatu, ziada ifike kwa wale ambao kwa jina lao iliombwa.

Ya nne, iwe na kiasi. Hata sababu ya kweli haihalalishi kila kiwango, wala haihalalishi kumnyima mgeni maskini kitu kilicho cha lazima. Kutazama simba si lazima ya maisha. Lakini maji, dawa, kivuko cha kumkimbiza mgonjwa, mahali pa kulala usiku wa hatari, hivyo visiwe na bei ya mgeni. Huko mgeni ni mtu tu, naye apewe kama mtu.

VIII. Maswali na majibu

Swali: Mimi huuza ndizi kando ya barabara. Desturi ni kubishana bei. Je, nikitaja kwanza bei kubwa kwa mgeni, nimekosa?

Jibu: Kubishana bei si kosa, ikiwa wote wawili wanajua ya kuwa wanabishana. Wewe wataja bei, yeye apunguza, mnakutana katikati. Lakini mgeni asiyejua desturi yetu hudhani ya kuwa neno lako la kwanza ndilo la mwisho. Ukiona ya kuwa anataka kulipa bila kubisha, ukishangilia moyoni na kunyamaza, umeuza kutojua kwake. Mwambie bei unayompa jirani yako, au iliyo karibu nayo.

Swali: Na kama, baada ya kuijua bei, mgeni aniongezea kwa hiari yake?

Jibu: Hiyo ni zawadi. Ipokee kwa shukrani.

Swali: Mimi ni mgeni katika mji mwingine. Naweza kuazima karatasi za ndugu yangu ili nilipe nauli ya wenyeji?

Jibu: Hapana. Ukifanya hivyo umesema uongo, na umechukua punguzo lililowekwa kwa ajili ya aliyeshika jembe. Ukiona bei ya mgeni si ya haki, lalamika waziwazi kwa wakubwa, au acha safari hiyo ikiwa si ya lazima.

Swali: Wageni wa kale walichukua mengi katika nchi yetu. Je, si haki tuwatoze wageni wa leo ili tupate fidia?

Jibu: Ni kweli mengi yalichukuliwa, na deni hilo halifutwi kwa kunyamaza. Lakini deni hudaiwa kwa mdeni, mbele ya waamuzi, kwa hesabu. Msafiri aliyefika jana kwa pikipiki yako huenda ni mjukuu wa mtu maskini ambaye hakuwahi kuiona Afrika. Wewe hujui. Usimhukumu gizani, kisha ukajilipa mwenyewe kutoka mfuko wake.

Ndugu wasomaji, wengi wenu hamna kampuni wala lango la hifadhi. Lakini kila mmoja wenu atakutana na mgeni: kwenye mtumbwi, sokoni, mlangoni pake. Kabla ya kumtajia bei, mtafute sababu yake, kisha mjaribu kuisema kwa sauti mbele ya mgeni mwenyewe. Mtu aweza kumwambia mgeni usoni, "Lipa zaidi, kwa maana msitu huu tumeutunza sisi, na fedha zako zitamlipa mlinzi," naye mgeni mwema ataelewa. Lakini nani aweza kumwambia usoni, "Lipa zaidi, kwa maana hujui, nami nimeona ya kuwa hujui"? Sababu ambayo mdomo waona haya kuitamka, mkono usiipokelee fedha.